SITARA SI KUFICHA MGONJWA



Leo naomba unipe sikio kwa jambo ambalo nyumba nyingi za pwani zalijua na chache mno hulisema. Nisingethubutu kuliandika lau si ndugu yangu, ambaye habari hii ni yake zaidi kuliko yangu, kunipa ruhusa. Ameisoma kabla haijakufikia wewe. Amefuta maneno mawili, na ameongeza neno moja ambalo utalikuta karibu na mwisho.

Mlango wa mbele

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Kaka yangu mkubwa alimaliza kidato cha nne akiwa hodari wa hesabu, na sauti yake katika kisomo cha Maulidi ilikuwa ikiombwa hata mitaa ya mbali. Mwaka 1994, naye ana miaka 19, akaanza kukosa usingizi. Kisha akaacha kwenda barazani. Kisha akawa anaziba dirisha kwa magazeti, akisema wako watu nje wanamsema. Mwishowe akawa anazungumza peke yake usiku kucha, na asubuhi hamjui mama.

Wazazi wetu walikuwa watu wema, na lazima nilitangulize hilo. Walifanya walilolijua. Walimhamishia chumba cha uani, wakamwekea kitanda kizuri, na mama alimpelekea chakula kabla ya sisi sote kula. Lakini mlango wa chumba kile ulifungwa kwa nje. Na mimi, niliyekuwa na miaka 13, nikapewa kazi ya mlango wa mbele.

"Kaka yako yupo?"

"Hayupo. Amesafiri."

"Kaenda wapi?"

"Mombasa, kwa ami."

Nilifunzwa maneno hayo nikayahifadhi kama nilivyohifadhi juzuu ya Amma. Niliyasema kwa rafiki zake, kwa mwalimu wake, kwa jamaa waliotuletea sahani za futari. Niliyasema kwa muda wa miaka 4.

Katika miaka hiyo walikuja waganga. Mmoja alisema ni jini wa baharini, akachukua mbuzi na fedha. Wa pili alisema kijana amerogwa na mtu wa ukoo, akatupa alama, nasi tukamdhania shangazi yetu. Tulikatana naye hata katika Idi. Shangazi wa watu hakuwa na kosa lolote. Basi tazama, msomaji: maradhi yalikuwa ya mtu mmoja, lakini uongo ulipoingia uliugusa ukoo mzima.

Aliyetutoa huko ni jirani, bibi aliyekuwa muuguzi na amekwisha kustaafu. Alikuja jioni moja mwaka 1998, akaketi, akakataa chai. Akamwambia mama: "Bi mkubwa, mimi sikuja kuuliza, nimekuja kusema. Kijana wenu yumo ndani, na mimi namsikia usiku. Kesho asubuhi nitakuja na gari, twende hospitali." Mama alilia, lakini hakukataa. Baada ya majuma machache ya dawa, kaka alilala usiku mzima. Hakupona kama mtu anavyopona homa. Hutumia dawa mpaka leo, kama mwenye kisukari anavyotumia zake. Lakini anashona kofia, anajulikana kwa kazi yake, na anakaa barazani na wenzake. Ile miaka 4, hata hivyo, hakuna wa kumrudishia.

Kwa nini nilikwenda kusoma

Nikawa mwalimu. Kila mwaka darasani nilimwona mtoto mmoja au wawili wanaonyamaza kwa namna niliyoijua, nami sikuwa na la kuwafanyia ila kuwahurumia. Mwaka 2015, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, niliomba kusoma shahada ya uzamili ya saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa mtu.

Jamaa walishangaa. Mmoja aliniuliza kama nakwenda kusomea uganga wa Kizungu. Mwingine alinionya kuwa mwenye kusomea wenda wazimu humalizikia kuwa mmoja wao. Na yuko aliyesema, kwa nia njema, kwamba Mwislamu mwenye Qur'ani hahitaji elimu hiyo. Yafaa niwajibu hapa, kwa sababu huenda na wewe nyumbani kwako una kijana anayetaka kuisoma, na hujui umwambie nini.

Kwanza, ni elimu gani? Anayemaliza shahada ya kwanza husoma tena, kwa kawaida kama miaka 2. Sehemu ya mwanzo ni madarasa: namna fikira zinavyokwenda, namna mtoto anavyokua, maradhi ya nafsi na dalili zake, hesabu za takwimu, njia za utafiti, na maadili ya kazi. Sehemu ya pili ni utafiti wake mwenyewe, anaouandika katika tasnifu na kuutetea mbele ya waalimu. Katika nchi yetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha uzamili wa saikolojia ya jamii, na Chuo Kikuu cha Muhimbili hufundisha uzamili wa saikolojia ya tiba. Na tusichanganye watu wawili. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, naye huandika dawa. Mwanasaikolojia hakusomea dawa. Kazi yake ni kusikiliza, kupima, na kumsaidia mtu kuzitengeneza fikira na mazoea yake mpaka aweze kuishi na wenzake. Mgonjwa mara nyingi huwahitaji wote wawili.

Pili, je, ni elimu ya kigeni? Nilipokuwa chuoni nilikutana na jina la Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, sawa na 934 wa Miladi. Aliandika kitabu kuhusu maslaha ya miili na nafsi, akalaumu kwamba matabibu wa zama zake waliandika sana juu ya mwili na kuiacha nafsi. Akazipanga taabu za nafsi katika mafungu manne: ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi. Msomaji, yasome tena maneno hayo manne. Yote tunayo vinywani mwetu kila siku. Mtu huyu, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, alitofautisha huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama ya kufiwa, na huzuni imwingiayo mtu asijue itokako, ambayo aliona huenda inatoka katika mwili na kuhitaji tiba ya mwili. Akashauri mtu aweke akiba ya fikira njema akiwa mzima, kama wekavyo dawa nyumbani, ili azitumie siku ya taabu. Katika zama zetu, Malik Badri wa Sudan, aliyezaliwa 1932 na kufariki 2021, alisomea saikolojia mpaka uzamifu Uingereza, kisha akaandika mwaka 1979 juu ya mtihani wa wanasaikolojia Waislamu: wasimeze kila kilichoandikwa Ulaya, na wasitupe chenye manufaa. Ni yeye aliyeitia kwa Kiingereza sehemu ya nafsi ya kitabu cha al-Balkhi.

Na kama tiba ya nafsi ingekuwa upungufu wa imani, basi ile hospitali kubwa ya Sultani Qalawun iliyofunguliwa Cairo mwaka 1284 isingekuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Wala tusisahau kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipita mwaka ulioitwa mwaka wa huzuni, alipofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib. Wala Nabii Yaqub (a.s.) hakuambiwa hana imani alipolia mpaka macho yakapofuka. Huzuni si dhambi. Maradhi si dhambi.

Sisi ndio tulioyafanya kuwa aibu. Tazama majina tunayotukania. Mtoto wa bara akikosea huambiwa atapelekwa Mirembe, jina la hospitali ya Dodoma. Unguja wasema Kidongo Chekundu, na Nairobi wasema Mathare. Sisi wa Tanga tulikuwa na Lutindi, huko milima ya Usambara, ambako Wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 nyumba ya kulelea watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikafanywa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili. Nyumba ya rehema tukaigeuza tusi. Halafu twashangaa kwa nini mama mwenye mgonjwa hathubutu kumpeleka huko.

Safari ya Kitai

Msimamizi wangu alitaka nifanye utafiti mbali na kwetu, nisije nikasikia yale tu niliyoyazoea. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa mwenyeji wa wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, na wazazi wake wanakaa Kitai. Wakakubali kunipokea. Basi mwezi wa Juni 2016 nikasafiri siku 2 kwa basi, Tanga mpaka Dar es Salaam, Dar es Salaam mpaka Songea, na kutoka Songea nikachukua gari la Mbinga.

Kitai ni njia panda. Barabara moja yaendelea Mbinga, kwenye milima ya Wamatengo na kahawa yao, na nyingine yachepuka kwenda Lituhi, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka hupita hapo na kuacha vumbi juu ya kila jani. Lipo gereza lenye mashamba, ziko nyumba za matofali ya kuchoma, na jioni baridi hushuka ambayo mtu wa pwani haijui. Wenyeji wangu walikuwa Wakatoliki, kama walivyo wengi katika wilaya ile. Mama mwenye nyumba alipojua kuwa naamka alfajiri kusali, hakusema neno. Kesho yake nilikuta maji ya moto mlangoni kwangu, na kila siku baada ya hapo, mpaka nilipoondoka.

Kabla ya kuuliza swali moja nilitembea na barua. Chuo huandika kwa mkoa, mkoa kwa wilaya, wilaya kwa kata, na kata kwa kijiji, na kila ofisi hugonga muhuri. Niliona ni usumbufu, lakini sasa naona ni adabu. Mtu hawezi kuingia katika huzuni za watu kama aingiavyo sokoni.

Hojaji niliyobeba ilikuwa na maswali 9, ile itumikayo sehemu nyingi duniani tangu 2001. Humwuliza mtu kuhusu majuma 2 yaliyopita: je, umekosa raha, umekosa usingizi, umechoka bila kazi, umejiona huna thamani, na swali la mwisho, je, umewaza kuwa ni heri ufe. Kila jibu lina alama, kutoka 0 mpaka 3, na mwenye kufika 10 au zaidi huhitaji kuangaliwa vizuri na mtaalamu. Tafsiri yake ilikuwa sahihi, lakini watu hawakujibu kwa maneno yake. Nikiuliza "Umekuwa na sonona?" walinitazama. Nikisubiri kidogo, walisema "Nina mawazo," au "Moyo mzito," au "Nafikiri sana." Hata Dar es Salaam jambo hili limejulikana. Mwaka 2008 Dakta Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha hojaji ya Shirika la Afya Duniani na hojaji iliyotungwa Dar es Salaam. Mtu husema maumivu yake kwa lugha ya nyumbani kwao, na mwenye shahada asipoijua lugha hiyo, shahada yake haimsaidii kitu.

Jioni mzee mwenye nyumba alinieleza habari ya sengu, desturi ya zamani ya Wamatengo. Watu wa ukoo na majirani walikutana kwa chakula na mazungumzo, magomvi yakasuluhishwa hapo, na vijana wakafunzwa hapo. "Zamani," aliniambia, "mtu asipokuja kula, aliulizwa." Nikamwambia kuwa sisi tuna baraza, na asiyekuja barazani huulizwa vilevile. Sikumwambia kwamba nayajua majibu ya uongo ya swali hilo. Usiku ule sikulala vizuri.

Nyumba moja

Nyumba ninayokusimulia siitaji mahali ilipo, na baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha makusudi. Mjumbe alinifikisha uani akarudi zake. Alitoka mtoto wa kike wa miaka kama 10.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Yupo nyuma, nimwite?"

Mama akaja akijifuta mikono kwa kanga, akanipa kigoda, naye akaketi kwenye mkeka. Nikamsomea maneno ya ridhaa: kwamba si lazima ajibu, kwamba anaweza kunifukuza wakati wowote, kwamba sitaandika jina lake ila namba. Akakubali. Sehemu ya kwanza ya hojaji ni rahisi, huuliza tu nani anaishi nyumbani. Akataja mumewe, aliyekuwa kibaruani. Akataja watoto wadogo watatu.

"Na mkubwa wao?"

Akanyamaza. Yule mtoto wa kike, aliyesimama mlangoni, akajibu yeye, upesi, macho chini:

"Kaka amesafiri. Yuko Songea."

Na nyuma ya ukuta mtu akakohoa.

Msomaji, sijui nikuelezeje. Nilikuwa na miaka 35, nimesoma vitabu nisivyoweza kuvibeba kwa safari moja, na kalamu imo mkononi. Lakini sauti niliyoisikia ilikuwa yangu. Namna alivyosema, namna alivyobana vidole vya miguu, namna alivyomtazama mama baadaye kuona kama amesema sawa. Yule mtoto alikuwa mimi.

Kanuni za utafiti zilikuwa wazi. Sina ruhusa ya kumlazimisha mtu kufunua alichokificha. Ningeweza kuandika "watoto 3" na kuendelea na swali la pili, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini niliiweka kalamu chini, nikaifunga hojaji. Nikamwambia: "Mama, maswali yangu yamekwisha. Ukiniruhusu, nitakwambia habari ya nyumba yetu." Nikamsimulia yote niliyokusimulia wewe: chumba cha uani, waganga, shangazi, na yule muuguzi aliyekataa chai. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisema amesafiri. Sikuwahi kulitamka hilo mbele ya mtu, hata mbele ya mume wangu.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Mwalimu, huyo kaka yako alitibiwa?"

"Tulichelewa miaka 4, lakini alitibiwa."

"Na watu walisemaje?"

"Walisema siku chache, mama. Kisha wakachoka."

Akainuka, akaenda nyuma, nikasikia komeo likitolewa. Akarudi amemshika mkono kijana mrefu, mwembamba, aliyefumba macho kwa sababu ya mwanga. Yule mtoto wa kike akaanza kulia. Mama akamwambia, "Mpe kaka yako kigoda." Nikainuka, naye akaketi mahali pangu.

Mimi si daktari, na sikumpima. Nilichofanya ni kukaa nao mpaka jioni, na kumwambia mama wapi pa kwenda, siku gani, na aseme nini akifika. Jumatatu yake yeye na mjomba wa kijana walimpeleka hospitali. Baadaye, nilipokwisha kurudi chuoni, mama alinipigia simu mara kadhaa. Kijana alianza kulala, akaanza kula na wenzake. Kisha dawa ikakatika wakati wa mvua, maradhi yakarudi, mjomba akasafiri kuitafuta, na kijana akainuka tena. Siku nyingine huenda shamba, siku nyingine hawezi. Nakueleza hivyo kwa sababu sitaki udhani kwamba mlango ukifunguliwa mambo yote huisha. Hayaishi, ila angalau yanaanza kutengenezwa.

Msimamizi wangu aliniuliza kwa nini hojaji moja haikujazwa. Nikamweleza. Alifikiri, akasema niiondoe katika hesabu, nami nikaiondoa. Nyumba ile haimo katika tasnifu yangu. Lakini kama ungeniuliza nilijifunza nini katika miaka yote ya uzamili, ningekutajia hiyo kwanza.

Nini maana ya sitara

Tunayo desturi nzuri ya sitara. Twafundishwa kwamba amsitiriye ndugu yake, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Ni kweli, na ni nguzo ya ujirani wetu. Lakini katika nyumba yetu tulilichukua neno hilo tukaliweka pasipo pake. Sitara ni kulinda heshima ya mtu asiaibishwe. Sisi tulilinda jina la nyumba, na mtu mwenyewe tukamwacha gizani. Elimu niliyosoma nayo ina sitara yake: hairuhusu jina la mgonjwa kuandikwa wala siri yake kutolewa. Lakini inaficha jina ili mgonjwa aonekane na atibiwe. Wazee wetu walikwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi, ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko aliyeacha kulala, aliyejitenga na wenzake, asikiaye sauti wengine wasizozisikia, au asemaye kuwa ni heri afe, usingoje. Mpeleke hospitali, na kama hujui pa kuanzia, anzia kwa muuguzi wa zahanati. Msomee dua pia, kwani Mtume (s.a.w.) alituamrisha kujitibu, naye ndiye aliyetufundisha dua. Viwili hivyo havigombani. Lakini anayekwambia utupe dawa, au anayekutajia mchawi katika ukoo wako, huyo mwogope. Dawa ikianza, isikatwe kwa sababu mgonjwa ameonekana mzima, bali iachwe kwa amri ya daktari tu. Usimfunge kwa kamba wala komeo. Na usimfundishe mtoto kusema "amesafiri." Atalibeba neno hilo mpaka uzee.

Na wewe jirani, jifunze kwa yule bibi muuguzi. Hakuja kudadisi wala hakwenda kusema mitaani. Alikuja na gari. Kule Harare, nchini Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza mabibi wazee kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mengi, na mwaka 2016 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kuwa waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko wenzao. Mabenchi hayo si kitu kigeni kwetu, ni baraza. Sisi tunazo baraza na tunao wazee. Kilichobaki ni kuuliza kwa upole na kusikiliza jibu.

Neno la kaka

Nilipomaliza masomo nilikwenda Tanga, nikamweleza mama habari ya Kitai. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, sikumfungia kwa kumchukia. Niliogopa nyinyi wasichana msije mkakosa waume." Nikambusu mkono. Sikuwa na la kumlaumu. Kumbe lile komeo la uani lilitiwa kwa ajili yangu mimi.

Nilipoandika makala haya nilimsomea kaka. Alikuwa akishona, hakuinua kichwa. Nilipofika mahali pa mlango wa mbele, akasema: "Andika pia kwamba nilikuwa nakusikia. Kila ulipowaambia nimesafiri, mimi nilisikia. Nilikuwa nikijiuliza, nimekwenda wapi?"

Nikamwomba radhi. Akasema alikwisha kunisamehe zamani, ila alitaka watu wajue kwamba aliyeko chumbani anasikia. Kisha akaniuliza kama yule kijana wa Kitai anavaa kofia za namna gani, maana huko kuna baridi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, wa miili na wa nafsi, awape subira wenye kuwauguza, na atupe sisi majirani ujasiri wa kubisha hodi. Amin.